Msanii wa Chapa na Nchi Aijuayo

Mwaka 1790 kilichapishwa mjini Newcastle, kaskazini ya Uingereza, kitabu juu ya wanyama wa miguu minne wa dunia nzima. Picha zake zilichongwa kwenye vibao vya mti katika karakana moja ndogo, na mchongaji wake mkuu alikuwa Thomas Bewick, mtoto wa mkulima. Katika kitabu hicho wamo mbwa wa kuchungia kondoo, farasi wa kulimia, kondoo na fahali. Na wamo pia twiga na kiboko. Msomaji wa Afrika ya Mashariki akizifungua kurasa hizo hawezi kukosa kuiona tofauti. Mbwa wa Bewick anakaribia kubweka. Uzito wa mwili wake umeegemea miguu yake, na masikio yake yamesikia kitu. Twiga wake, kinyume cha hayo, ni umbo tu: ana shingo ndefu kama isemwavyo, na madoa kama yasemwavyo, lakini hana uhai wa mnyama aliyeonekana kwa macho.

Mkono uliochonga ni ule ule. Chuma ni kile kile, mti ni ule ule, na wino uliopakwa ni mmoja. Tofauti haikutoka katika ufundi. Ilitoka katika ujuzi wa kitu chenyewe. Twiga wa kwanza aliye hai aliletwa Uingereza mwaka 1827, na kiboko wa kwanza wa zama hizi alifika huko mwaka 1850. Bewick alipokuwa akichonga, hakuwa na njia ya kuwaona. Aliwatoa katika picha za vitabu vya watu wengine, nao baadhi yao walikuwa wamewatoa katika picha za wengine tena. Mbwa na kondoo aliishi nao tangu utoto.

Insha hii yakusudia kuichunguza tofauti hiyo, kwa sababu ndani yake limo jambo linalowahusu walimu wa sanaa na wanafunzi wao katika nchi yetu. Twapenda kusema kwamba msanii na achote katika mazingira yake. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini mara nyingi husemwa kwa haraka, kana kwamba kuzaliwa mahali kunatosha kumpa mtu sanaa ya mahali hapo. Maisha na kazi za Bewick zatuonyesha kwamba halitoshi jambo hilo, na zatuonyesha pia ni nini kinachotakiwa zaidi.

Bewick alizaliwa mwaka 1753 katika nyumba ya shamba iitwayo Cherryburn, kando ya mto Tyne, mwendo wa kilomita kama 20 kutoka Newcastle. Baba yake alikuwa mkulima aliyepanga shamba, na tena alikuwa na mgodi mdogo wa makaa ya mawe. Thomas alikuwa wa kwanza katika watoto wanane. Alisoma Ovingham, ng'ambo ya mto, na masomo ya Kilatini hayakumvutia kama picha alizozichora kwa chaki juu ya mawe ya makaburi, sakafu ya ukumbi wa kanisa na mawe ya mekoni kwao. Nyakati nyingine alichunga, alitembea mashambani na kuwasikiliza wazee wa kijiji. Alipokuwa mtoto alimpiga ndege mdogo kwa jiwe, akamwokota akiwa bado hai na kumtazama machoni. Tangu siku ile hakutaka kumuua ndege mwingine kwa mkono wake. Hata hivyo, alipokuwa mzee alikiri mwenyewe kwamba ndege wengi waliuawa baadaye na watu wengine kwa ajili ya kazi yake. Mwanafunzi na alishike jambo hilo, kwa maana si haki kumfanya msanii kuwa malaika.

Alipotimia miaka 14, mwaka 1767, alipelekwa Newcastle kuwa mwanagenzi wa Ralph Beilby, fundi wa kuchora nakshi katika madini. Kazi za karakana hiyo zilikuwa za kila namna: mihuri, vyombo vya fedha, vibao vya milango, nyuso za saa, hata vibati vya majeneza. Kazi za mti ziliangukia mikononi mwa Bewick kwa sababu bwana wake hakuzipenda. Hivyo sanaa iliyomfanya ajulikane ilianza kama kazi ya ziada ambayo mkubwa wake aliiona duni.

Yafaa tueleze kazi hiyo, kwa maana pasipo kuielewa hatuwezi kuziona picha zenyewe vema. Tangu zamani mafundi walichonga picha kwa kisu kwenye ubao uliopasuliwa kwa urefu, ambao nyuzi zake za mti hulala upande mmoja. Ubao wa namna hiyo haukubali mistari myembamba sana; humeguka. Bewick alitumia kipande cha mti mgumu kilichokatwa kwa kukingama shina, hata uso wake ukawa ni ule unaoonyesha miduara ya umri wa mti. Uso huo hauna upande wa kupasuka, na huweza kushika mstari mwembamba kama unywele. Naye hakuuchonga kwa kisu, bali kwa chuma chenye ncha kali kama kile ambacho sonara huchorea nakshi katika fedha. Hakuwa wa kwanza kabisa kuukata mti hivyo, lakini hapana aliyekuwa ameifikisha njia hiyo mbali kiasi hicho.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Wachongaji wengi wa kabla yake walitaka kuiga mstari mweusi wa kalamu. Kwa hiyo waliondoa mti wote ulioko pande mbili za mstari ili mstari ubaki umeinuka. Bewick alifikiri kinyume. Kibao kisichokatwa, kikipakwa wino, hutoa weusi mtupu; kila mahali panapopita chuma huwa peupe. Basi yeye alichora kwa weupe ndani ya weusi, kama mwalimu aandikavyo kwa chaki kwenye ubao mweusi. Kila mkato ukawa ni nuru inayoingia. Kadhalika, kabla ya kuchonga, aliparura kidogo sehemu fulani za uso wa kibao ili zishuke chini kuliko nyingine. Mtambo ulipobana karatasi, sehemu hizo ziligusa kwa wepesi na kutoa rangi ya kijivu hafifu. Kwa ufundi huo vilima vya ng'ambo ya mto vikawa mbali kweli kweli, na ukungu ukawa ukungu.

Hapa ndipo tuonapo jinsi mandhari na ufundi vilivyosaidiana. Bonde la Tyne si nchi ya jua kali lenye kukata vivuli waziwazi. Ni nchi ya mvua, ya umande, ya theluji, ya miti iliyonyauka mashina, na ya mwanga unaochujwa na mawingu. Mchongaji aliyetaka kuyasema hayo kwa rangi moja tu ya wino alihitaji daraja nyingi baina ya weusi na weupe. Mistari mizito ya zamani isingemtosha. Twaweza kusema kwamba nchi yake ndiyo iliyomdai ufundi mpya.

Faida nyingine ya mti ni ya ki-kazi tu, lakini ina maana kubwa kwa elimu. Picha iliyochorwa katika shaba huchapwa kwa mtambo wake peke yake, kwa sababu wino wake hukaa ndani ya mifereji. Kibao cha mti hushika wino juu, sawa na herufi za chuma za matbaa. Kwa hiyo picha na maneno hufungwa pamoja na kuchapwa kwa mara moja. Hivyo picha ya ndege iliweza kukaa katika ukurasa ule ule unaomweleza, na gharama ikapungua.

Baada ya kitabu cha wanyama, Bewick alianza kazi aliyoipenda zaidi, nayo ni historia ya ndege wa nchi yake. Juzuu ya kwanza, ya ndege wa nchi kavu, ilitoka mwaka 1797. Ya pili, ya ndege wa majini, ilitoka mwaka 1804. Mwaka 1791 alikuwa amekwenda Wycliffe kuchora ndege waliokaushwa katika makumbusho ya marehemu Marmaduke Tunstall, akakaa huko takriban miezi miwili. Alirudi na michoro mingi na shaka nyingi. Ndege waliojazwa pamba walikuwa na manyoya yao kamili, lakini waliwekwa katika mikao ambayo ndege hai hakai. Kuanzia hapo alipendelea kuchora ndege walio hai au waliouawa karibuni, na marafiki wakawa wakimletea kutoka mashambani, mitoni na pwani.

Tumtazame bundi wake. Kibao chake hakizidi upana wa kiganja. Unyoya mmoja haufanani na mwingine: wa kifuani ni laini, wa bawa ni mgumu, na wa usoni umejipanga kuyazunguka macho. Lakini bundi huyo hakuelea katika karatasi tupu. Amesimama juu ya kitu, na kitu hicho chatuambia anaishi wapi. Ndege wa vichakani ana kichaka chake. Wa majini ana mawe yenye maji yanayopita. Bewick alielewa kwamba mnyama na nchi yake ni habari moja. Twiga wa mwaka 1790 hakuweza kupewa heshima hiyo, kwa sababu mchongaji hakuijua mbuga.

Hata hivyo, wahakiki wengi wamekubaliana kwamba kilele cha sanaa ya Bewick si ndege wala wanyama, bali ni vijipicha vidogo alivyoviweka mwisho wa sura ili kujaza nafasi iliyobaki wazi. Hakuna aliyemwagiza avichonge vile. Katika vijipicha hivyo ndimo nchi yake ilimotulia. Mtu anavuka mto ameshika mkia wa ng'ombe ili asilipe ushuru wa daraja, na kofia yake inachukuliwa na maji: ameokoa senti na kupoteza shilingi. Kondoo mwenye mwanawe anatafuna ufagio mkuukuu penye theluji, kwa sababu majani yamefunikwa. Mtoto mdogo anavuta mkia wa farasi ilhali yaya wake ameshughulika na mchumba, na mama anakuja mbio. Kipofu anaongozwa katika njia mbaya. Mvua inampiga msafiri ambaye hana pa kujisitiri. Kwa mbali, nyuma ya mandhari tulivu, huonekana nyakati nyingine mti wa kunyongea watu.

Mwanafunzi na azingatie kwamba hizi si picha za kuisifu nchi. Ni picha za kuijua. Bewick hakuficha njaa, baridi, ukatili wala upumbavu wa watu wa kwao. Katika kumbukumbu zake, ambazo alianza kuziandika mwaka 1822 na zikachapishwa mwaka 1862 baada ya kufa kwake, alilalamika kwamba ardhi ya wote, walimochungia wanyama wao watu maskini, iligawanywa na kuzungushiwa nyua, na maskini wakang'olewa. Kwake yeye kilima hakikuwa kitu cha kutazamwa tu. Kilikuwa mahali pa kazi, pa haki na pa dhuluma. Ndiyo maana ndani ya mandhari zake daima yumo mtu mwenye shida yake. Katika kijipicha kimoja alichonga alama ya kidole gumba chake mwenyewe juu ya mandhari, kama kwamba mtu ameishika karatasi kwa mkono wenye wino. Twaweza kuusoma ucheshi huo hivi: nchi hii imeonwa na mtu fulani, na huyo ni mimi.

Aliijuaje kiasi hicho? Jibu lake si la ajabu: aliitembea. Mwaka 1776 alikwenda Scotland kwa miguu, kisha akaenda London kutafuta kazi. Kazi aliipata, lakini mji ule hakuupenda, na kabla mwaka haujatimia alirudi kwao. Wahenga wetu wamesema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, hata wazazi wake wote wawili walipofariki mwaka 1785, karibu kila juma alitoka Newcastle kwa miguu kwenda Cherryburn kuwatazama, katika jua, mvua na theluji. Mto ulipofurika na kumzuia, aliita kutoka ng'ambo kuuliza hali, akijibiwa kuwa wote hawajambo, akarudi. Njia moja, kwa majira yote, kwa miaka. Hapo ndipo macho yalipofunzwa. Tena aliipita njia hiyo kwa sababu ya wazazi wake, wala si kwa kutafuta picha. Picha zilimjia kwa sababu alikuwa akipita.

Wako watakaosema kwamba msanii anayekaa kwao huwa na mawazo finyu. Hoja hii haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba Bewick ana mipaka. Hakuacha mandhari kubwa za kujaza ukuta; ulimwengu wake ni wa kiganja, na anayeutazama hana budi kuinama. Lakini hakujifungia. Ufundi wake ulitoka katika karakana ya mjini, alisoma vitabu vya wataalamu wa viumbe, na London aliifahamu kabla ya kuikataa. Na nchi yake ndogo ilisafiri mbali. Charlotte Brontë alipoandika riwaya yake Jane Eyre, iliyotoka mwaka 1847, alimwanzisha msichana yatima akiwa amekaa dirishani na kitabu cha ndege cha Bewick. John James Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege wa Marekani, alikwenda kumtembelea mzee huyo mwaka 1827, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Watu hao hawakuvutwa na Bewick kwa sababu alijaribu kuwa wa dunia nzima. Walivutwa kwa sababu alikuwa na mahali.

Sasa na turudi kwetu. Katika madarasa mengi mwanafunzi akiambiwa achore mandhari, huchora milima miwili yenye jua katikati, mto unaopinda, mnazi mmoja na kibanda. Huchora hivyo awe anaishi Lindi, Mwanza au Iringa. Mwalimu huridhika kwa kuwa mnazi ni mti wetu na kibanda ni chetu. Lakini hebu tuutazame mnazi huo kwa haki. Je, ni mnazi gani? Umeinamia upande gani kwa ajili ya upepo? Shina lake lina vidato vya mkwezi au halina? Kama mchoraji hawezi kujibu, basi mnazi wake ni sawasawa na twiga wa Bewick: umetolewa katika picha ya mtu mwingine, naye aliutoa katika picha ya mwingine. Kitu kuwa cha kwetu hakuzuii kuchorwa kama kitu cha ugenini. Hatari hii ni kubwa kuliko ile ya kuiga theluji ya Ulaya, kwa sababu anayeiga theluji hugundulika mara moja, bali anayeiga mbuyu wa kukariri husifiwa kwa uzalendo.

Ni hatari hiyo hiyo inayowakabili mafundi wetu wanapochora wanyama kwa ajili ya wageni wanunuzi. Simba na tembo hurudiwa mara elfu kwa mikao ile ile, kwa sababu mikao hiyo imekwisha kuuzwa. Hatuwezi kumlaumu mtu anayetafuta riziki. Bewick naye alimchonga twiga kwa sababu wanunuzi wa kitabu walimtaka. Lakini wajibu wa mhakiki ni kusema wazi ni picha ipi iliyoonwa na ipi iliyorudiwa, na wajibu wa shule ni kumlea kijana atakayeweza kuzitofautisha.

Sanaa ya chapa yafaa sana kwa malezi hayo, nayo si ngeni mno kwetu kama tunavyodhani. Nchi zenye milango ya nakshi ya Unguja na Lamu, na zenye vinyago vya Wamakonde, hazikosi watu wanaojua jinsi mti unavyokubali na kukataa chuma. Kutoka kwenye ubao wa nakshi hadi kwenye kibao cha chapa hatua ni fupi: hupungua wino na karatasi tu. Shule isiyo na vyombo yaweza kuanza na kiazi kilichokatwa, au kipande cha kandambili kuukuu na wembe, chini ya uangalizi wa mwalimu. Na kwa kuwa chapa hutoa nakala nyingi, kazi ya mwanafunzi mmoja yaweza kuwafikia wenzake wote na kuhojiwa.

Lakini kabla ya wembe, itangulie njia. Mwalimu na amwagize mwanafunzi achague mahali pamoja anapopita kila siku: kisimani, kivukoni, penye mwembe wa njia panda. Na apatazame kwa muda wa muhula mzima, asubuhi na jioni, masika na kiangazi, akiandika ni nani wanaopita, wamebeba nini, na ni ndege gani anayetua hapo na kwa nini. Ndipo akate kibao chake, kidogo kama kiganja. Kisha wenzake wanaoipita njia ile ile waulizwe swali moja tu: hapa ni wapi? Wakipataja bila kuambiwa, kazi imefaulu. Wakisema ni mwembe tu, na arudi njiani.